Kucheza drafti mtandaoni na rafiki aliye mbali: mwongozo kamili, kuanzia kanuni hadi kete ya mwisho

Malalamiko ni yaleyale kila mara. Mmoja anasema amepakua drafti, akacheza dakika mbili, simu ikagoma kusogeza kete. Mwingine anasema kompyuta inaiba, imemla kwa kurudi nyuma. Wa tatu alikuwa anaongoza kwa kete tatu, mtandao ukakata, aliporudi akakuta ameandikiwa kushindwa.

Wote hawa drafti wanaijua, na wengine kijiweni kwao ndio wanaoogopwa. Kinachowaangusha ni kuanza kucheza kabla ya kujua simu inafuata kanuni zipi na saa inahesabu vipi. Fuata hatua hizi kwa mpangilio wake, usiruke ya kwanza hata kama unajiona mzoefu. Mzoefu ndiye anayeumia zaidi, kwa sababu mikono yake imezoea kanuni za mtaa wake.

Nitatumia tovuti ya lidraughts.org. Ni ya bure, haina matangazo, haikuombi kadi ya benki, na inafunguka kwenye kivinjari cha kawaida cha simu au kompyuta. Vitufe nitavitaja kwa kazi yake, maana jina linaloonekana hutegemea lugha uliyochagua.

## Unachohitaji

- Simu janja au kompyuta yenye kivinjari kilichosasishwa. Kioo kikubwa kinasaidia, hasa kwa ubao wa miraba 100.
- Bando dogo. Mchezo huu hautumi video wala sauti ya mtu, kwa hiyo hauli data nyingi. Unachohitaji zaidi ni mtandao usiokatikakatika.
- Barua pepe unayoweza kuifungua, kwa ajili ya akaunti.
- Njia ya kumtumia mwenzako kiungo: WhatsApp, Telegram au ujumbe wa kawaida.
- Ubao halisi na kete, au vizibo vya soda, kwa Hatua ya 1. Kama huna, chora kwenye karatasi.

## Hatua ya 1: Kubalianeni kanuni kabla ya kugusa simu

Hapa ndipo michezo mingi inapoharibikia, kwa hiyo tutakaa kidogo.

Drafti si mchezo mmoja. Kijiwe hiki kete inakula mbele tu, kile cha pili inakula mbele na nyuma. Kwingine kingi, yaani kete iliyofika mstari wa mwisho upande wa adui, anakimbia ubao mzima, kwingine anatembea hatua moja moja. Mkiwa mmekaa uso kwa uso mnabishana, mnacheka, mnaendelea. Simu haibishani. Imeshaamua, na isiyoikubali haisogei.

Mpigie mwenzako, ulizaneni maswali haya matano, mwandike majibu.

Swali la kwanza: ubao una miraba mingapi? Ubao wa 8 kwa 8 una miraba 64 na kila mtu anaanza na kete 12. Ubao wa kimataifa ni 10 kwa 10, miraba 100, kete 20 kila upande.

Swali la pili: kete ya kawaida inakula kurudi nyuma? Kutembea nyuma hairuhusiwi katika aina zote nitakazozitaja. Kula nyuma ni jambo jingine. Katika drafti ya Kiingereza kete inakula mbele tu. Katika ya Kirusi, ya Kibrazili na ya kimataifa inakula pande zote mbili.

Swali la tatu: kingi anakimbia au anatembea? Weka kingi kwenye kona ya chini kushoto, na kete ya adui katikati ya mstari mrefu unaokwenda kona ya juu kulia, njia ikiwa wazi mbele na nyuma yake. Kama kijiweni kwenu kingi anatoka konani, anaruka ile kete na kutua popote panapofaa nyuma yake, basi kingi wenu anakimbia. Kirusi, Kibrazili na kimataifa ndivyo zilivyo. Kwa Waingereza kingi anasogea mraba mmoja tu, ila yeye anaruhusiwa kwenda mbele na nyuma.

Swali la nne: ukiwa na njia mbili za kula, unachagua? Aina zote hizi nne zinalazimisha kula. Tofauti iko kwenye uchaguzi. Kwa Kirusi na Kiingereza unachagua njia unayotaka, ila ukishaanza lazima uimalize. Kwa Kibrazili na kimataifa unalazimika kufuata njia inayokula kete nyingi zaidi. Njia moja ikila mbili na nyingine tatu, huna hiari, unakula tatu, hata kama mwisho wake ni mtego.

Swali la tano: kete ikifika mstari wa mwisho katikati ya kula, inakuwaje? Kirusi: inakuwa kingi palepale na inaendelea kula kama kingi, kama kuna cha kula. Kiingereza: inakuwa kingi na zamu inaishia hapo. Kibrazili na kimataifa: kama bado ina kete ya kula inaendelea kama kete ya kawaida, na inakuwa kingi iwapo tu imemalizia safari kwenye mstari huo.

Swali hili la tano watu hulidharau kwa sababu halitokei kila mchezo. Likitokea, huamua mchezo mzima. Kete ya Kirusi inayoingia ukingi huku inakula inaweza kuendelea kusafisha ubao kwa zamu hiyohiyo.

Onyo kuhusu kupiga faini. Vijiwe vingi vina adhabu ya kuondoa kete ya mtu aliyesahau kula. Mtandaoni adhabu hiyo haipo, kwa sababu kusahau haiwezekani: simu inakataa hatua nyingine yoyote mpaka ule. Ndiyo maana mtu anadhani imeganda.

Utajua umefanikiwa pale wewe na mwenzako mnapoweza kujibu maswali yote matano kwa jibu moja, bila "inategemea".

## Hatua ya 2: Chagua aina inayokaribia kijiwe chenu

Lidraughts ina aina kadhaa. Zitakazokufaa ni tatu: ya kimataifa, ambayo ndiyo ya kawaida pale, ya Kirusi na ya Kibrazili. Ya Kiingereza haimo.

Mkiwa mmezoea ubao wa 64, kingi anayekimbia na uhuru wa kuchagua cha kula, chukueni Kirusi. Mkiwa mmezoea kulazimishwa kula nyingi, chukueni Kibrazili. Ya kimataifa iacheni mpaka mzoee, maana ubao wa miraba 100 kwenye simu ndogo unachosha macho na kidole hukosea mraba.

Kama kijiweni kwenu kete haili nyuma kabisa lakini kingi anakimbia, hakuna kati ya hizi tatu inayolingana nanyi moja kwa moja. Mna njia mbili. Ya kwanza, tafuteni programu ya simu yenye ukurasa wa kanuni, ambako unaweza kuwasha na kuzima kila sharti. Ya pili, jifunzeni Kirusi. Mimi nashauri ya pili. Kula nyuma kunaongeza mitego kwa namna ambayo ukiizoea hutatamani kurudi, na utapata wapinzani wengi.

Msijaribu kukubaliana kwa mdomo kwamba "hatutakula nyuma" huku mkicheza Kirusi. Simu itawalazimisha kula nyuma, na mchezo utaishia kwenye ugomvi.

## Hatua ya 3: Fungua akaunti

Nenda kwenye tovuti, bonyeza sehemu ya kujiandikisha, weka jina la mchezo, nenosiri na barua pepe. Fungua barua pepe uthibitishe. Usipoiona, angalia kwenye barua taka.

Jina halisi halihitajiki, na usiweke namba ya simu kama jina, kwa sababu kila mchezaji ataiona.

Unaweza kucheza bila akaunti, lakini sishauri. Michezo ya siku kadhaa inahitaji akaunti, na historia ya michezo yako inabaki mahali pamoja. Mwambie mwenzako naye afungue yake mapema, si dakika ambayo saa inaanza kuhesabu.

Mafanikio: jina lako linaonekana juu ya ukurasa, hata ukifunga kivinjari na kukifungua tena.

## Hatua ya 4: Jaribu kanuni peke yako

Fungua ubao wa uchambuzi kwenye menyu ya zana, kisha chagua aina ya Kirusi. Kwenye ubao huu unasogeza kete za pande zote mbili mwenyewe, hakuna saa wala mpinzani.

Miraba huitwa kwa herufi a hadi h kutoka kushoto, na namba 1 hadi 8 kutoka chini, ukiwa upande wa nyeupe. Kona yako ya chini kushoto ni a1 na ni mraba mweusi. Ubao wako ukionyesha namba za mfululizo 1 hadi 32, usijali, hesabu kwa macho.

Fanya hivi:

1. Nyeupe: sogeza kete ya c3 kwenda d4.
2. Nyeusi: sogeza kete ya f6 kwenda e5. Sasa kete mbili zimegusana uso kwa uso.
3. Jaribu kusogeza kete nyingine yoyote nyeupe, kwa mfano ya g3. Itakataa. Hivi ndivyo "simu imeganda" inavyoonekana, na haijaganda: una kete ya kula.
4. Kula: d4 inaruka e5 na kutua f6.
5. Nyeusi sasa nayo analazimika kula, na ana njia mbili: kete ya e7 iruke kutua g5, au ya g7 iruke kutua e5. Jaribu moja, rudi nyuma, jaribu ya pili.

Angalia jinsi ubao unavyobadilika kwa chaguo hilo dogo. Ukila kwa e7 kete yako inakwenda pembeni, ukila kwa g7 inabaki katikati. Uhuru huo wa kuchagua ni sehemu kubwa ya utamu wa Kirusi.

Baada ya hapo cheza na kompyuta mara chache, kiwango cha chini kabisa, ukiangalia hasa kula nyuma. Kete yako ikiwa e5, ya adui iko d4 na c3 pako wazi, utalazimishwa kurudi nyuma kula. Wachezaji wa kula mbele tu huo mraba wa nyuma hawauangalii kabisa, na ndio unaowamaliza.

Kuna jambo jingine la kuzoea. Unapokula nyingi kwa mkupuo, kete zilizoliwa zinatolewa mwisho wa mkupuo, si moja moja. Mpaka hapo zinahesabika zipo, na huruhusiwi kuruka ileile mara mbili. Kijiweni mkono wa haraka huziokota njiani, ndiyo maana wengine hushangaa kingi wao akizuiwa na kete ambayo "ameshaila".

Onyo: usipandishe kiwango cha kompyuta kwa hasira. Mwaka 2007 Jonathan Schaeffer na wenzake wa Chuo Kikuu cha Alberta, Kanada, walithibitisha kwa kompyuta kwamba drafti ya Kiingereza ikichezwa bila kosa pande zote mbili inaisha sare. Mashine za leo zinaona mbali kuliko binadamu yeyote. Kiwango kinachokufaa ni kile unachoshinda mara moja moja.

## Hatua ya 5: Tengeneza mchezo, na upange saa kwa akili

Rudi ukurasa wa mwanzo, bonyeza kitufe cha kucheza na rafiki. Litafunguka dirisha dogo lenye aina ya mchezo, saa na rangi.

Aina: chagua mliyokubaliana. Lisipoguswa, itakuja ya kimataifa, nanyi mtashangaa kete 20 mbele yenu.

Saa ndiyo inayohitaji kufikiri. Kuna mitindo miwili mikuu.

Mchezo wa papo kwa papo. Kila mtu ana dakika zake, na sekunde za nyongeza kila anaposogeza. Anzeni na dakika 15 na nyongeza ya sekunde 10. Ukisogeza mara 40 umeongezewa sekunde 400, yaani dakika 6 na sekunde 40 juu ya zile 15. Nyongeza ni muhimu kuliko dakika za mwanzo, kwa sababu bila hiyo mtu mwenye ushindi mkononi anapoteza kwa kuishiwa muda huku anakimbiza kingi.

Mtandao ukikata, saa yako inaendelea kukatika. Ukikaa nje muda fulani, mpinzani anapewa ruhusa ya kudai ushindi. Tovuti haijui kama umeme umekatika au umekimbia.

Mchezo wa siku kadhaa. Kila hatua ina siku 1 hadi 14. Unasogeza asubuhi kabla ya kazi, mwenzako anajibu jioni. Kwa mtu mwenye mtandao wa kubahatisha hii ndiyo njia yenyewe. Siku 3 kwa hatua zinatosha: hazichoshi, na ukipata msiba au safari bado una nafasi. Mchezo utachukua wiki kadhaa, kwa hiyo unaweza kuwa na miwili au mitatu kwa pamoja na watu tofauti.

Mkichagua papo kwa papo na mwenzako yuko nje, pangeni muda kwa kutaja mji. Dar es Salaam na Muscat zinapishana saa moja tu. Dar na Toronto zinapishana saa 7 au 8 kutegemea msimu. Semeni "saa mbili usiku ya Dar", na muandike 20:00 pembeni, maana aliyekaa ughaibuni miaka mingi akisikia saa mbili anaweza kuelewa jambo jingine kabisa.

Mwisho, chagua mchezo usiohesabiwa alama kwa mara za kwanza. Ukizoea ndipo uwashe alama.

## Hatua ya 6: Tuma kiungo

Ukichagua rangi, tovuti inakupa kiungo. Kinakili chote, mtumie mwenzako, na usifunge ukurasa wako.

Mtu wa kwanza kukifungua ndiye atakayecheza nawe. Kwa hiyo usikitupe kwenye kundi la watu 200 la WhatsApp ukitarajia apatikane uliyemkusudia. Mtumie yeye peke yake. Kama unajua jina lake la mchezo, ni salama zaidi kumwalika kwa jina hilo moja kwa moja.

Nyeupe huanza. Kama ubao umefunguka na huwezi kusogeza, hakikisha kwanza kwamba ni zamu yako.

Mafanikio: majina yote mawili yanaonekana, saa mbili zipo, na alama ya kijani karibu na jina la mwenzako inaonyesha yupo.

## Hatua ya 7: Wakati mnacheza

Gusa kete, gusa mraba wa kutua. Kuburuta kwa kidole kunafanya kazi pia, lakini kwenye kioo kidogo kidole hufunika mraba na kete hutua pasipotakiwa. Kugusa mara mbili ni salama zaidi.

Ukila nyingi, gusa kila kituo kwa mpangilio, na usiinue macho hadi mkupuo uishe. Watu wengi husogeza mruko wa kwanza, wakadhani wamemaliza, huku saa yao inakatika.

Kwenye mipangilio washa uthibitisho wa hatua kwa michezo ya siku kadhaa. Simu itakuuliza kabla ya kutuma. Hatua iliyotumwa kwa kidole kilichoteleza inauma zaidi pale uliposubiri jibu siku mbili.

Ukikosea, kipo kitufe cha kuomba kurudisha hatua. Ni ombi, mwenzako anaweza kukataa, na akikataa yuko ndani ya haki yake. Kubalianeni mapema kama mnarudishiana.

Usifungue kompyuta ya uchambuzi pembeni wakati mchezo unaendelea. Tovuti hukagua, na akaunti inayotumia mashine huadhibiwa. Hata isipogundulika, umemdhulumu mwenzako jioni yake.

## Hatua ya 8: Kumaliza, na ubishi wa kingi watatu

Umeshinda mwenzako akiishiwa kete, akikosa pa kusogea, akikubali kushindwa au akiishiwa muda. Hilo la kukosa pa kusogea lizingatie: ukimfungia kete zote umeshinda, hata kama anazo sita.

Ubishi huja mwishoni, kingi watatu dhidi ya mmoja. Kwa Kirusi, kila kitu kinategemea mstari mrefu wa a1 hadi h8. Kingi mmoja aliyeukamata mstari huo ni sare, hata wakimzunguka watatu. Akiwa nje ya mstari, watatu wakiukamata wanaweza kumnasa, lakini wana hatua 15 tu za kufanya hivyo. Zikipita, sare.

Kwa hiyo ukiona unazidiwa, usipoteze muda kutetea kete za pembeni. Tafuta kingi mmoja na uukimbilie mstari huo. Na wewe unayeongoza, ukamate kabla yake, hata kwa kutoa kete moja. Nimeona michezo mingi iliyoshinda kabisa ikigeuka sare kwa sababu mwenye kingi watatu alikuwa anafukuza tu bila kuangalia mstari.

## Hatua ya 9: Angalia mchezo upya

Mchezo ukiisha, omba uchambuzi wa kompyuta. Hapa sasa mashine inaruhusiwa. Itakuchorea mstari unaopanda na kushuka kufuatana na nani alikuwa juu.

Usisome hatua zote. Tafuta mahali mstari umeanguka ghafla, simama hapo, na ujiulize uliona nini wakati ule. Kwa mtu aliyetoka kijiweni, mara nyingi anguko linatokea palepale: kete ya adui imekula kwa kurudi nyuma, au umelazimishwa kula kitu ambacho hukukitaka. Rudisha ubao hatua mbili kabla ya hapo, utafute njia nyingine kwa macho yako, ndipo uone kompyuta inapendekeza nini.

Mtumie mwenzako kiungo cha mchezo huo mjadili. Kisha bonyeza kitufe cha marudiano: mnabadilishana rangi, saa inaanza upya, na aliyekuwa mweusi sasa ndiye anayefungua.